Hitaji la Mlungwi

Namna Mzee Kondo Mahimbo alivyofika katika nchi ya Mapande haina faida kwa msomaji. Alifika, karatasi zake zikagongwa muhuri, akakabidhiwa kijitabu cha sheria za nchi na kuambiwa asome kwanza, ndipo afungue kinywa. Alisoma chote, hata maandishi madogo ya mwishoni. Kwao alikuwa mkalimani wa mahakama ya wilaya kwa miaka thelathini na moja, na cheo hicho hakupewa na mjomba. Alianza kama tarishi. Mchana alibeba majalada, jioni alikaa kwenye madarasa ya watu wazima akijifunza lugha moja baada ya nyingine, mpaka siku hakimu alipomwita kutoka mlangoni akamsimamisha kati yake na mshtakiwa. Tangu siku hiyo alijivunia jambo moja: hakuna swali lililoulizwa mbele yake likakosa kueleweka.

Sheria ya kwanza ya Mapande ilisema kila raia ana lugha moja. Lugha zilikuwa nne. Kihesabu ni ya wale wanaohesabu mavuno, watu na maji. Kiutu ni ya wale wanaojua jinsi watu wanavyoishi, wanavyooana na wanavyozikana. Kiamri ni ya watawala. Kikale ni ya watunza kumbukumbu. Mtoto akitimiza miaka kumi hupelekwa Ofisi ya Ndimi, hupewa mojawapo, na kufungwa mkononi utepe wa rangi yake. Kuanzia hapo, kisheria, nyingine zote ni kelele kwake.

Sheria ya pili ilimfanya Mzee Kondo avue miwani aifute. Ukalimani ulikuwa marufuku. Kijitabu kilisema hivi: "Neno lililopita katika kinywa cha pili halina mwenyewe, na neno lisilo na mwenyewe halikusemwa."

Mgeni hafungwi utepe, hivyo aliruhusiwa kusema na yeyote. Alipanga chumba kwa Bi Tunu, mjane mwenye utepe wa kijani wa Kiutu, katika mji mkuu uitwao Kitovuni. Wiki haikuisha, akagundua jambo lililomkosesha usingizi. Lugha zile nne zilikuwa moja. Maneno yalikuwa yale yale, na yalipangwa vile vile. Kilichotofautiana ni maana tu, tena si katika kila neno.

"Bi Tunu," alimwuliza siku moja uani, "jirani yako amekwambia mvua imechelewa. Hukumsikia?"

"Nimesikia sauti, mzee wangu. Yule ni wa Kikale. Labda kasema mvua, labda kasema harusi ya bibi yake. Mimi nitajuaje?"

"Lakini kasema mvua!"

"Mvua ya kwake," alisema Bi Tunu, akaendelea kupepeta mchele.

Neno moja tu liliruhusiwa kuvuka tepe zote, nalo ni "hujambo", kwa kuwa wataalamu walikwisha kuthibitisha kwamba halina maana katika lugha yoyote. Walikuwapo mume na mke wa tepe mbili walioishi pamoja miaka ishirini kwa "hujambo" peke yake. Bi Tunu alisema ndoa hizo ndizo zisizo na ugomvi.

Nje ya mji lilikuwapo daraja la mawe, limenyooka, zuri kuliko yote aliyowahi kuona. Lilijengwa na Wahesabu baada ya kupima mto sehemu mia mbili na kupata pahali pembamba zaidi. Lakini ng'ambo ya pili lilitua katikati ya msitu wa tambiko, ambao watu wa Kiutu huingia mara moja kwa mwaka, tena wazee tupu. Hakuna aliyewahi kulivuka. Kila mwaka Wahesabu huketi darajani siku saba, huhesabu wapitaji, hupata sifuri, na huandika kwamba watu wa ng'ambo hawana safari.

Kwa aibu ya daraja hilo kilianzishwa chuo kimoja ambamo vijana arobaini waliruhusiwa kujifunza lugha zote nne. Kiliitwa Chuo cha Maarifa Yaliyochanganywa ya Riziki, Mienendo ya Watu, Utawala na Mambo ya Kale kwa Ndimi Zote Nne. Watu walikiita Chuo Kirefu. Masomo yalichukua miaka minne, na mwishoni kila mhitimu aliapa kusahau lugha tatu kabla ya kupewa kazi. Ila kabla ya kiapo alipewa asubuhi moja, iliyoitwa Siku ya Ndimi, asimame mbele ya wakuu wa lugha zote na kuwaambia lolote kwa lugha zote nne, nao walilazimika kumsikiliza mpaka adhuhuri. Wahitimu wengi waliitumia asubuhi hiyo kuwashukuru wazazi.

Chumba cha pili kwa Bi Tunu kilikaliwa na msichana wa miaka kumi na tisa, Nyamizi, mwenye utepe wa kijani kama Bi Tunu, aliyetoka katika mji wa mlimani uitwao Mlungwi. Mzee Kondo alimtambua kwa jinsi alivyotumia maji. Alinawa uso, maji yale yale akanawia miguu, yale yale akapigia deki, na yaliyobaki akamwagia mchicha wa Bi Tunu, hali bomba lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni.

"Mjukuu wangu, hapa maji hayaishi," alimwambia.

"Najua, babu. Mkono wangu ndio haujui."

Alikuja Kitovuni kuomba kiti katika Chuo Kirefu. Kila mji wa mbali ulipewa nafasi ya kumleta mwombaji mmoja kila baada ya miaka saba, na mwaka huu zamu ilikuwa ya Mlungwi. Ili apate kiti, ilimpasa kusimama mbele ya Baraza la Sababu na kueleza kwa nini amekichagua chuo hicho.

"Na kwa nini umekichagua?" aliuliza Mzee Kondo.

"Nataka ile asubuhi moja," alisema Nyamizi. "Miaka minne nitasoma watakacho. Mimi nataka asubuhi yangu tu."

Akamsimulia. Chemchemi ya Mlungwi ilizibwa na maporomoko ya mlima. Watu walianza kunywa maji ya dimbwi la ng'ombe, na wadogo zake wawili walizikwa katika mwezi mmoja. Ndipo akaja Mhesabu mwenye utepe mweupe, akawakusanya watu na kuuliza kama Mlungwi kuna hitaji la maji. Mji mzima uliitikia kwamba lipo, kina mama wakalia. Yule Mhesabu akaandika, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Baada ya miezi miwili ikaja karatasi, ikabandikwa mlangoni kwa jumbe: Mlungwi, hitaji la maji, hakuna. Tangu hapo nyumba mia tatu zilibaki tisini.

"Alituangalia machoni, babu, akaenda kudanganya."

Wiki iliyopita Mzee Kondo alikuwa amesimama kwenye bomba la mtaa akamsikiliza Mhesabu akimfundisha mwenzake kazi.

"Hakudanganya," alisema. "Kwa Kihesabu, hitaji ni mtu aliyeonekana kwenye bomba. Anasimama pale, anahesabu wanaokuja na ndoo, na idadi yao ndiyo hitaji. Mlungwi hakuna bomba. Kwa hiyo hakuna aliyeonekana. Kwa hiyo hakuna hitaji. Na pasipo na hitaji hapajengwi bomba."

Nyamizi aliyarudia maneno hayo polepole, akiyahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo aliandika kweli."

"Kwa lugha yake, kweli tupu."

"Afadhali angedanganya," alisema Nyamizi. "Mwongo huona haya."

Kuanzia siku hiyo walijiandaa pamoja, asubuhi na alasiri, kwenye mkeka wa uani. Taabu yenyewe ilikuwa kwenye kanuni iliyochongwa juu ya mlango wa Baraza: Sababu moja, kwa lugha moja. Mwombaji alisema kwa lugha yake, na kila mkuu, ambaye humo ndani tu sheria ilimruhusu kusikia wa lugha nyingine, aliyasikia maneno yale yale kwa maana ya kwake. Nyamizi akisema "Mlungwi kuna hitaji", Mhesabu Mkuu angesikia kwamba Mlungwi kuna watu kwenye bomba. Huo ungekuwa uongo mbele ya Baraza, na mwongo hufutwa orodhani. Na akitaka kueleza kwamba neno lina maana mbili, atakuwa amesema kwa lugha mbili. Hapo pia hufutwa.

"Yaani niombe kufundishwa lugha nne," alisema Nyamizi, "na nisionyeshe kwamba najua zipo."

"Ndiyo. Kwa hiyo neno hilo tutalizunguka. Usilitaje kabisa. Sema mtungi. Sema jiwe. Sema mguu. Nimechunguza, maneno yanayoshikika kwa mkono hayajaharibika, kote yana maana moja."

Mzee Kondo alikuwa mwalimu mkali. Alimkatiza kila sentensi, akampangia pumzi, akamrekebisha hata anavyosimama. Nyamizi alipofikiri kidogo kabla ya kujibu, mzee alijibu kwa niaba yake.

"Babu, wewe mvua ikinyesha utaisahihisha," alisema Nyamizi akicheka.

"Ikinyesha vibaya, nitaisahihisha."

"Ila siku ile uniachie mwenyewe."

"Mimi ni mgeni, nitakaa kwenye benchi la wageni. Kwani nitafanya nini?"

Siku ya Baraza ukumbi ulijaa. Mbele waliketi wakuu wanne. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa Kiamri, mama mnene mwenye sauti ya upole, jina lake Ndekeja. Kulia kwake aliketi Mhesabu Mkuu, Bwana Gwandumi, mzee mwembamba mwenye macho ya mtu asiyetaka kumwonea yeyote. Mkuu wa Kiutu na mkuu wa Kikale waliketi pembeni, na mmoja wao alikuwa amelala.

Mwombaji wa kwanza alikuwa kijana wa mjini aitwaye Rukonge. Alisema amekichagua chuo hiki kwa sababu ya jina lake. Baba yake alisomea chuo chenye jina la maneno mawili, na cheti chake ukutani ni kidogo. Wakuu walitazamana na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Katibu aliandika: sababu inapimika.

Wa pili alisema alitakiwa achague kati ya riziki, watu, utawala na mambo ya kale, akashindwa, na hapa hatakiwi kuchagua. Ukazuka mjadala mrefu kama kushindwa kuchagua kunaweza kuwa sababu ya kuchagua. Mwenyekiti alisema kuna hatari vijana wote wenye uvivu wa kuamua wakajazana chuoni. Bwana Gwandumi alijibu kwamba mwaka jana walikuwa thelathini na mmoja kati ya arobaini, na chuo hakikuanguka. Kijana huyo akapewa kiti.

Wa tatu alisema amesikia kwamba wanaojua lugha nyingi hualikwa ng'ambo, hulazwa katika hoteli na kupewa mifuko yenye maandishi. Baraza lilimsifu kwa ukweli wake.

Kisha akaitwa Nyamizi wa Mlungwi.

Alisimama kama alivyofundishwa. Alieleza juu ya mtungi wa mama yake, ambao ulikuwa mzito kwa maji na sasa ni mzito kwa vumbi. Alieleza juu ya jiwe lililoziba chemchemi, kubwa kama ukumbi ule. Alieleza juu ya mguu wa mwanamke anayeteremka bondeni alfajiri na kupanda jua likiwa utosini. Hakulitaja lile neno. Mkuu wa Kiutu aliinamisha kichwa. Aliyelala aliamka. Hata Mwenyekiti aliacha kupanga karatasi. Mzee Kondo, kwenye benchi la wageni, alikuwa akitamka kila neno pamoja naye bila sauti, na moyo wake ulijaa kama wa mtu anayesikiliza kazi ya mikono yake.

"Nataka kujifunza," alimalizia Nyamizi, "ili siku moja nisimame hapa nieleweke na ninyi nyote. Ndiyo sababu yangu."

Mwenyekiti alikuwa akiinua muhuri alipoinua mkono Bwana Gwandumi. Kila mkuu ana haki ya swali moja.

"Binti," alisema Mhesabu Mkuu, bila ubaya wowote, "nimeguswa. Lakini nina taarifa ya ofisi yangu hapa, na sipendi kukosea. Nijibu kwa kifupi. Mlungwi kuna hitaji la maji?"

Nyamizi hakujibu.

Akisema lipo, amedanganya Baraza. Akisema halipo, ameuza mji wake, na maneno yake yatabandikwa chini ya ile karatasi mlangoni kwa jumbe. Alitazama mbele. Shingo yake ilicheza kidogo. Ukimya ulirefuka, na Katibu akashika kalamu tayari kuandika kwamba mwombaji ameshindwa kujibu.

Kwa miaka thelathini na moja Mzee Kondo hakuwahi kuacha ukimya ukae kati ya swali na jibu. Ilikuwa ndiyo kazi yake, na ndiyo fahari yake. Alikwisha kusimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Waheshimiwa," alisema kwa ile sauti yake ya mahakamani, safi, isiyo na haraka, "kwa ruhusa yenu. Mheshimiwa anauliza juu ya watu walioonekana kwenye bomba. Mwombaji, kwa hitaji, anaelewa kitu ambacho mtu akikikosa hufa. Mlungwi hakuna la kwanza. La pili lipo."

Ilikuwa tafsiri nzuri. Labda ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kwa muda mfupi nyuso nne za wakuu zilikuwa uso mmoja. Wote walikuwa wameelewa. Bwana Gwandumi alifungua kinywa, akaitazama taarifa yake, akaiweka mezani kama kitu chenye moto.

Kisha Mwenyekiti akashusha muhuri, akauweka pembeni.

"Mgeni," alisema kwa upole, "umesoma kijitabu?"

"Nimesoma, mheshimiwa."

"Chote?"

"Chote."

"Basi unajua. Maneno ya binti huyu yamepita katika kinywa cha pili. Hayana mwenyewe tena, na yasiyo na mwenyewe hayakusemwa. Katibu, andika kwamba mwombaji wa Mlungwi hakutoa sababu."

"Lakini mmeelewa!" alisema Mzee Kondo. "Mheshimiwa Gwandumi, nimekuona umeelewa!"

"Nimeelewa," alisema Bwana Gwandumi, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. "Kwa hiyo siwezi kutumia nilichoelewa. Nikiulizwa nimekisikia kwa nani, nitamtaja nani? Kiti cha Mlungwi kikae wazi. Baada ya miaka saba waje tena, tutawasikiliza kwa moyo mmoja."

"Baada ya miaka saba hakutakuwa na mtu wa kuja!"

"Hilo tutalihesabu wakati huo," alisema Mhesabu Mkuu, akaandika kitu pembezoni mwa taarifa yake.

Akaitwa mwombaji anayefuata.

Mzee Kondo alimkuta Nyamizi nje, amekaa kwenye ngazi kivulini, mikono imelala mapajani. Alijiandaa kutukanwa. Alitamani atukanwe.

"Mjukuu wangu, nilikuona umekwama. Nilidhani..."

"Sikukwama, babu."

"Ulinyamaza."

"Nilikuwa nameza mate." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeeleza njia. "Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka kumwambia: njoo uhesabu makaburi yetu. Kuhesabu anakujua. Na kaburi, wewe mwenyewe ulisema, vitu vya kushikika kwa mkono havijaharibika. Asingeweza kukataa. Angekuja."

Mzee Kondo alilipima jibu hilo kila upande, kama alivyopima maneno maisha yake yote, akitafuta kasoro ili apate nafuu. Hakuipata. Lilikuwa la lugha moja. Halikuwa na uongo. Lilikuwa bora kuliko lake.

Walirudi kwa Bi Tunu. Nyamizi alikunja nguo zake mbili, akafunga mkeka, akaosha kikombe alichokuwa akitumia. Bi Tunu alisimama mlangoni, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaacha kuuliza.

"Utawaambia nini nyumbani?" alisema hatimaye Mzee Kondo.

"Nitamwambia mama nimerudishwa."

Kwa Kiutu neno hilo hutumika kwa bibi harusi aliyeonekana na kasoro akarejeshwa kwao. Aliyerudishwa huulizwa na wanawake wa ukoo ana kosa gani, na asipolitaja husemekana analificha. Mzee Kondo aliyajua hayo. Alijua pia neno lingine la Kiutu, la kizamani kidogo, linalosemwa juu ya mzigo uliopotezwa na mpagazi njiani, ambalo lingemwonyesha mama huyo, pasipo swali, kwamba kosa halikuwa la mwanawe. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikwisha kusema vya kutosha siku ile, na alijiambia kwamba angalau amejifunza kunyamaza.

Nyamizi aliuinua mzigo nusu, akautua. Alimtazama mzee, akangoja. Alingoja muda mrefu kidogo, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kusema.

Mzee Kondo alinyamaza.

Basi akajitwika, akamuaga Bi Tunu kwa heshima, akashika njia ya mlimani.